Siku 11 London mpaka Cape Town: ndege ya Imperial Airways ilikuwa inabeba nini hasa?

Tuanze na tiketi. Mwaka 1932, mwezi wa nne, kampuni ya Waingereza inaitwa Imperial Airways ilianza kuuza nafasi za abiria kutoka London mpaka Cape Town, nauli pauni 130, muda siku 11. Umbali kama maili 8,000, yaani karibu kilomita 12,900. Mpaka hapo hamna shida, kilichonichanganya mimi mara ya kwanza ni njia yenyewe.

Unapanda ndege Croydon, nje kidogo ya London, unashuka Paris. Paris unapanda treni. Ndiyo, treni, na hiyo treni inakata Ufaransa na Italia yote mpaka Brindisi, kule kwenye kisigino cha kiatu. Brindisi unaingia kwenye ndege ya kutua majini, unapitia Athens na kisiwa cha Krete, unashukia Alexandria. Alexandria unapanda treni tena mpaka Cairo. Cairo unapanda ndege ya ardhini mpaka Khartoum, Khartoum unarudi kwenye ndege ya majini unafuata mto Nile kwenda juu mpaka Ziwa Victoria, unatua Kisumu. Kisumu unashuka tena, unapanda ndege nyingine ya ardhini: Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, Mpika, Broken Hill (ndio Kabwe ya leo), Salisbury ambayo sasa ni Harare, Bulawayo, Johannesburg, Kimberley, alafu ndo Cape Town.

Nimehesabu vyombo 7. Ndege, treni, boti inayoruka, treni, ndege, boti inayoruka, ndege. Kwa mtu wa leo aliyezoea kulalamika kwamba transit ya masaa manne ni mateso, hii inaonekana kama ratiba iliyopangwa na mtu mwenye kinyongo na abiria. Lakini kila kipande cha hiyo safari kilikuwa na sababu yake, na ukizifuatilia moja moja unagundua kwamba abiria kwenye hiyo biashara alikuwa ni wa kupewa lifti tu. Mwenye gari ni barua. Hata jina la ndege zenyewe linasema, kila moja ilikuwa inaandikwa R.M.A. mbele ya jina lake, maana yake ndege ya posta ya kifalme. Na njia ya Cape Town ilifunguliwa kwa barua tarehe 20 Januari 1932, abiria wakaja kuruhusiwa tarehe 27 Aprili. Bahasha ilifika Cape Town miezi mitatu kabla ya mtu.

Sasa turudi nyuma kidogo tuone hii kampuni ilitoka wapi, maana watu wengi wanadhani ilikuwa ni shirika la serikali. Haikuwa hivyo, na hapa ndo pananoga. Baada ya vita kuu ya kwanza Uingereza ilibaki na marubani kibao na ndege kibao, vikaanzishwa vikampuni vya kurusha watu London kwenda Paris, vyote vikawa vinakufa kwa njaa kwa sababu Ufaransa ilikuwa inazipa ruzuku kampuni zake na Uingereza mwanzoni ikakataa, wakisema usafiri wa anga ujitegemee wenyewe. Haukujitegemea. Mwisho serikali ikasema basi, vikampuni vinne viungane viwe kimoja, na hicho kimoja kitapewa pauni milioni 1 kwa miaka 10. Hivyo ndo Imperial Airways ikazaliwa tarehe 31 Machi 1924, kampuni ya watu binafsi, ina wanahisa, ina gawio, lakini maziwa inanyonya kwa serikali. Na siku ya kwanza ya kazi haikuruka hata ndege moja, marubani waligoma kwa ajili ya mishahara na masharti ya kazi, wakakaa chini karibu mwezi mzima mpaka tarehe 26 Aprili. Yaani shirika la ndege lenye jina la dola nzima limeanza maisha yake likiwa limepaki.

Huu mchanganyiko wa mali ya watu binafsi na hela ya umma ukiuweka kichwani utaelewa mengi yanayofuata. Serikali haitoi hela ili wewe ukamsalimie mjomba wako Cape Town. Inatoa ili amri, ripoti, hundi na barua za maofisa zifike haraka kwenye makoloni. Na sio serikali ya London peke yake, hazina za makoloni yenyewe zilichangia pia: Kenya, Uganda, Tanganyika, Sudani, Rhodesia mbili (Zambia na Zimbabwe za leo), Afrika Kusini. Babu aliyekuwa analipa kodi ya kichwa Dodoma mwaka 1932 kwa namna fulani alikuwa amechangia mafuta ya ndege ambayo yeye aliiona ikipita juu tu, au pengine aliitwa kwenda kufyeka kiwanja chake.

Na kufyeka huko hakukuanza na Imperial. Mara tu baada ya vita, mwaka 1919, Waingereza walituma vikosi vya wapimaji kutoka Cairo mpaka Cape kutafuta sehemu za kutua, kazi kubwa ikawa kung'oa miti na kubomoa vichuguu. Kichuguu cha huku kwetu sio kitu cha kupiga teke kikaanguka, kuna vingine ni saizi ya nyumba, udongo umeshikana kama saruji, na vilibomolewa kwa majembe na makarai na watu wa maeneo hayo. Mwaka 1920 marubani wakaanza kujaribu hiyo njia. Ndege moja aina ya Vimy, iliyobeba mtaalamu wa wanyama aliyekuwa anaandikia gazeti la London, ilifika mpaka Tabora ikaishia hapo, iliharibika wakati inataka kupaa mwezi wa pili. Wengine wawili, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand wa Afrika Kusini, walifika Cape Town tarehe 20 Machi 1920, lakini kwa ndege tatu: ya kwanza iliishia kaskazini kwenye Nile, ya pili wakaivunja Bulawayo, ya tatu ndo ikamaliza safari. Siku 45 na ndege tatu. Hiyo ndo ilikuwa rekodi ya kuvunja.

Aliyebadilisha upepo ni Alan Cobham. Huyu alitoka London mwishoni mwa 1925 na ndege ndogo ya injini moja, akiwa na fundi wake na mpiga picha za sinema, wakafika Cape Town na kurudi mwezi wa tatu 1926 na ndege ileile. Miaka miwili baadaye akazunguka Afrika nzima na ndege kubwa ya majini. Kwa hesabu yake palipo na ziwa, mto au bandari tayari una kiwanja ambacho hakijengwi, hakina vichuguu, hakigeuki tope masika. Cobham akaanzisha na kampuni ya kurusha njia ya Afrika, Imperial ikaja ikainunua pamoja na haki zake. Mambo ya kawaida ya biashara, mwenye nguvu anamnunua aliyemuonyesha njia.

Basi tuzifungue zile sababu. Kwanini treni Ulaya, wakati Ulaya ndo palikuwa na viwanja vingi kuliko sehemu nyingine yoyote? Jibu moja ni milima ya Alps wakati wa baridi, ndege za wakati ule hazikuwa na ubavu wa kuipanda salama. Lakini jibu kubwa ni siasa. Italia ilikaa katikati ya njia kama nyumba ya mtu katikati ya barabara, na Waitaliano mwaka 1929 waliweka mguu chini, wakataka mashirika yao yagawane mapato na Imperial kwenye hiyo njia, Imperial ikakataa, Italia ikafunga mlango kwenye bandari zake. Baada ya kuzungushana kupitia njia nyingine wakaishia kwenye huo mpango wa treni ya Paris mpaka Brindisi, na ukadumu mpaka 1937. Kwahiyo kwa miaka, shirika la ndege lililokuwa linajisifu kuunganisha dola kwa njia ya anga lilikuwa linawapitisha watu wake bara lao wenyewe kwa reli. Mimi kila nikiifikiria hii nacheka.

Waarabu wa Ghuba nao wana kipande chao kwenye hii hadithi, kwa upande wa njia iliyokuwa inaenda India. Mwanzo ndege zilikuwa zinapita pwani ya Uajemi, ruhusa ilipoisha mwaka 1932 ikabidi wahamie ng'ambo ya pili, wakaingia mkataba na mtawala wa Sharjah, Sheikh Sultan bin Saqr, wakajenga nyumba ya kulala abiria yenye kuta za ngome. Kutoka hapo wanaruka mpaka Gwadar, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya Oman. Ni jambo lilelile: anga ina wenyewe, na mwenye anga akisema hapana unatafuta mlango mwingine.

Na treni ya Alexandria mpaka Cairo? Hiyo ni nyepesi. Ndege za majini zinatua bandarini Alexandria, za ardhini zinaondokea Cairo, katikati kuna reli nzuri ya kama kilomita 200 ambayo ilikuwepo miaka mingi kabla ya ndege. Unahangaika nini.

Kisumu sasa. Watu wa Kisumu wanapenda kusema mji wao ulikuwa wa kimataifa kabla ya Nairobi na kwa hili la ndege hawajakosea sana. Huduma ya kwanza ya kila wiki kutoka London kuja Afrika Mashariki ilianza tarehe 28 Februari 1931 na mwisho wake ulikuwa Mwanza, sio Nairobi. Sababu ni ziwa. Kutoka Khartoum kwenda kusini kuna lile bwawa kubwa la Sudd, mamia ya kilomita ya matete na mafunjo na maji yasiyojulikana yanaanzia wapi, ukilazimika kutua na ndege ya magurudumu pale ndo umekwisha. Ndege ya majini angalau ina Nile chini yake. Inaruka Malakal, inaruka Juba, inafika Uganda Port Bell, inavuka kona ya ziwa, Kisumu. Na Kisumu reli ilikuwa imeshafika tangu 1901, meli za ziwani zinaanzia pale, kwahiyo gunia la barua likishushwa tu kuna treni ya kwenda Nairobi na Mombasa na kuna meli za kuzunguka ziwa. Ndo maana njia ilipoongezwa kwenda Cape, ikakatia hapo Kisumu kwenda Nairobi, kwa sababu kutoka hapo kwenda kusini maji makubwa ya kutua yaliyonyooka na njia hakuna, lazima magurudumu. Kubadilisha ndege Kisumu halikuwa wazo la kumsumbua mtu, ni jiografia tu.

Hebu ingia ndani ya hiyo boti uone. Aina ya Calcutta, mwili wa aluminiamu, injini tatu zimefungwa katikati ya bawa la juu na la chini, abiria 15. Marubani wawili wamekaa mbele wazi kabisa, upepo wa usoni, mvua ya usoni, miwani ya kamba. Nyuma kwenye kabini kuna madirisha na viti na mhudumu analeta chai, kelele za injini zinafanya mnaongea kwa kupigiana makofi begani. Mwendo ni kilomita kama 150 kwa saa, upepo ukiwa wa mbele unaweza kuona treni chini inakuzidi maarifa. Mkikaribia kituo, boti inashuka, inapiga maji mara mbili tatu, inapunguza, mtu anatoka kwenye pua na kamba kuifunga kwenye boya kama mashua yoyote ya Feri. Kisha yanakuja mafuta. Enzi zile petroli ya kwenye vituo vya porini ilikuwa inasafirishwa kwenye madebe ya galoni 4, haya madebe haya ambayo mpaka leo tunapimia mahindi na mchanga, yanabebwa kutoka ghalani, yanapanda kwenye mtumbwi, yanamiminwa moja moja kupitia ngozi laini ya kuchujia ili maji na uchafu visiingie kwenye tangi. Debe moja lita 18. Tangi linataka mamia ya lita. Piga hesabu hapo, jua linawaka, abiria wamesimama kivulini na kofia zao, kijana wa Juba ana debe la arobaini begani.

Hapo ndo unaelewa zile siku 11. Ndege kwa kawaida haikuwa inaruka usiku, haina taa za kuongozea njiani, rubani anaangalia mto na reli. Kwahiyo alfajiri mnaamshwa, mnaruka masaa mawili matatu, mnatua kujaza, mnaruka tena, jioni mnalala hotelini au kwenye nyumba ya wageni, na hizo hoteli na chakula vyote viko ndani ya zile pauni 130. Kumbuka tangi dogo lina maana vituo vingi, na vituo vingi vina maana siku nyingi. Meli ya posta kutoka Southampton mpaka Cape Town ilikuwa inatumia kama siku 17, kwahiyo mtu wa Cape Town alikuwa anaokoa siku 6 kwa bei kubwa na mateso makubwa, haikuwa dili la kutisha. Aliyefaidi ni wa katikati, afisa wa Mbeya au mkulima mzungu wa Moshi, kwa sababu yeye kwa meli ni kama wiki tatu mpaka Mombasa au Dar alafu reli na barabara tena. Bahasha yake sasa inamfikia ndani ya wiki moja na siku kadhaa.

Na abiria alikuwa anapimwa. Sio mzigo wake tu, yeye mwenyewe anapanda kwenye mizani, mwili na mabegi kwa pamoja ni kilo 100 ndo zinazoruhusiwa bure. Ukiwa na kitambi basi sanduku linapungua. Leo shirika likijaribu hivyo watu watawasha moto mtandaoni, ila kwa wakati ule ilikuwa haki tupu, maana kila kilo ya mtu ni kilo ambayo barua imekosa, na barua kwa uzito zinalipa vizuri na haziombi chai.

Kuna tatizo la urefu kutoka usawa wa bahari nalo nisilipite. Nairobi ipo zaidi ya mita 1,600 juu, Mbeya nayo humohumo, hewa ni nyepesi na jua likipanda inakuwa nyepesi zaidi. Bawa linashika hewa kidogo, injini inavuta hewa kidogo, ndege iliyopaa vizuri Croydon inafika Mbeya saa sita mchana inakimbia mpaka mwisho wa kiwanja bado inafikiria. Ndege za mwanzo za kipande hicho zilikuwa za injini tatu na zilihangaika, ndo Imperial ikaagiza zitengenezwe ndege 8 maalum kwa ajili yake, Atalanta, injini 4, bawa moja badala ya mawili, zikaingia kazini kwenye kipande hicho 1933. Abiria 9 tu! Injini 4, marubani, na watu 9. Sehemu iliyobaki, bila shaka umeshajua ni ya nani.

Kuhusu usalama watu wana picha mbili zinazopingana na zote zina ukweli. Kuna zile ndege kubwa za mabawa mawili, HP42, nane tu zilitengenezwa, zinakwenda taratibu kama gari la harusi, na miaka yote ya 1930 hazikuua abiria hata mmoja. Upande mwingine kuna City of Khartoum, moja ya zile boti za Calcutta. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1935 ilikuwa inatoka Krete, taa za Alexandria zinaonekana, zimebaki dakika chache kutua, injini zote tatu zikazima kwa mpigo. Mafuta yalikuwa yameisha. Ndani walikuwa watu 13, wakafa 12, rubani peke yake akaokotwa na manowari baada ya kukaa majini masaa. Mwaka mpya ukawakuta familia zao hivyo. Tukio lile linaonyesha jinsi hesabu zilivyokuwa zimebanwa, akiba ya mafuta ilikuwa ndogo, na injini ikianza kunywa zaidi kidogo ya ilivyozoeleka hamna pa kujitetea.

Mwaka 1934 serikali ilifanya uamuzi ambao kwangu mimi ndo kiini cha hadithi nzima. Walisema barua zote za kawaida ndani ya dola ziende kwa ndege bila kulipia ziada ya ndege. Peni moja na nusu kwa nusu wakia, kama gramu 14, kutoka London mpaka Durban. Kubeba mzigo wote huo kulihitaji ndege mpya kabisa, Imperial ikaagiza boti kubwa 28 kwa kiwanda cha Short, moja kwa moja kutoka kwenye michoro, hata moja haijawahi kuruka. Kamari ya ajabu. Ya kwanza, Canopus, ikaruka Julai 1936 na ikawa nzuri kuliko walivyotegemea: injini 4, kilomita zaidi ya 260 kwa saa, tani moja na nusu ya barua, abiria 24 wakiwa wamekaa, na sehemu ya kutembea yenye reli ya kuegemea ili uangalie viboko kwenye Nile vizuri.

Hizi boti ndo zilizofuta ile ramani ya zamani. Kuanzia 1937 unapanda Southampton, hushuki kwenye treni yoyote, unakuja majini kwa majini: Marseille, Rome (Italia walikuwa wameshalegeza), Brindisi, Athens, Alexandria, Khartoum, Port Bell, Kisumu, alafu badala ya kwenda Nairobi inakata kwenda Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, inaambaa pwani ya Msumbiji mpaka Durban. Lindi jamani! Lindi ilikuwa kwenye ratiba moja na Athens na Rome. Dar zilikuwa zinatua bandarini, humo humo kwenye maji yanayopitiwa na pantoni. Na Moshi, Dodoma na Mbeya zikabaki pembeni, kwa sababu boti haina la kufanya Dodoma. Kilichoziba pengo ni vindege vidogo vya Wilson Airways ya Nairobi, kampuni iliyoanzishwa 1929 na mama mjane, Florence Kerr Wilson, kwa kindege kimoja cha Gipsy Moth. Uwanja wa Wilson wa Nairobi umebeba jina lake mpaka leo. Siku hizi tunasema ndege za kulisha njia kubwa kama ni ugunduzi mpya, mama yule alikuwa anaifanya hiyo kazi kwa barua za Tanga na Zanzibar kabla babu yangu hajaoa.

Barua ya bei rahisi tarehe 29 Juni 1937 ikaanza, na watu wakaandika. Misimu ya Krismasi magunia yalifurika mpaka abiria waliokuwa na nafasi zao wakawa wanaachwa ili mzigo upite. Aliyekuwa na mashaka kwamba abiria ni wa lifti, hapo mashaka yaliisha.

Nyumbani nako moto uliwaka. Wanahisa walikuwa wanapata gawio linalopanda, mwaka 1937 lilifika asilimia 9, wakati huohuo marubani wanalalamika mishahara na vifaa, na boti mpya zinaanguka moja baada ya nyingine, Ufaransa, Athens, Brindisi. Serikali ikaunda kamati chini ya Lord Cadman, ripoti yake ya mwaka 1938 ikawa kali, ikasema menejimenti haijali na ubia kati ya hela ya umma na faida ya watu binafsi umekaa vibaya. Meneja mkuu Woods Humphery akaondoka, akaletwa Sir John Reith, yule aliyekuwa BBC. Yeye alikuja kuizika kampuni kwa heshima: Imperial na mwenzake British Airways ya wakati ule ziunganishwe ziwe shirika la umma, BOAC. Kwa Afrika Mashariki huo ndo mzizi wa yaliyofuata, maana East African Airways ilipoanza 1946 na vindege sita vya Dragon Rapide, BOAC ndo ilikuwa mkunga.

Kabla ya maziko lakini kuna boti moja, Corsair, ambayo Wakongo wa kule Faradje wana haki ya kuisimulia kuliko mtu yeyote. Tarehe 14 Machi 1939 ilitoka Ziwa Victoria kwenda Juba, inapeleka watu na barua Ulaya. Kifaa cha redio cha kuonyesha uelekeo kilikuwa kimetoka matengenezo na hakikurudi sawa, kikawa kinawatoa nje ya njia kuelekea magharibi wao wakidhani wapo sawa. Rubani Alcock, mdogo wake yule Alcock aliyevuka Atlantiki mwaka 1919, akashtuka mafuta yanaisha na Nile haionekani. Chini kuna kamto, Dungu, ndani ya Kongo ya Wabelgiji, kembamba kiasi kwamba mabawa yanakaribia kugusa miti. Akatua hivyohivyo, mwamba ukachana tumbo la boti, akaisukuma kwenye tope isizame. Hakufa mtu.

Wangeiacha pale, ila vita inakuja na boti kama hiyo hainunuliki dukani. Mafundi wakaletwa kutoka Uingereza, wakakaa porini miezi wakishona mabati, mwezi wa saba wakajaribu kupaa, mto mfupi, ikagonga mwamba mwingine, mwanzo mpya. Ikabidi wafanye kile ambacho ndege ya majini ilibuniwa ili kisihitajike: wenyeji wakachukuliwa wakachimba barabara mpaka mtoni, wakajenga bwawa la mawe na magogo kuzuia maji, wakasubiri mvua, mto ukavimba ukawa ziwa la kutosha boti moja kupaa mara moja. Kambi ya mafundi ikageuka kijiji, Wazungu wakakiita Corsairville. Tarehe 6 Januari 1940, rubani mwingine, Kelly-Rogers, akaikimbiza juu ya lile ziwa la kutengeneza, ikapaa. Tarehe 1 Aprili mwaka huohuo ndege zote zikahamia jina la BOAC, na Imperial Airways ikawa haipo tena.